Mamluki Aliyehamia Igogo

Alhamisi ile umeme ulirudi Mabatini saa nne kasorobo asubuhi, na Minaz akaanza kuwasha televisheni zake moja baada ya nyingine huku akizifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kibanda chake cha gemu kilikuwa na televisheni sita. Zamani kilikuwa duka la marehemu baba yake, Mzee Akbarali, fundi wa redio, na kwenye rafu ya juu bado zilikuwepo redio mbili ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Televisheni tano zilikuwa za mpira siku zote. Ya tatu kutoka mlangoni nayo ilikuwa ya mpira, isipokuwa Alhamisi, siku ya mapumziko ya Yeremia.

Yeremia alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye mikono yake ilinuka petroli hata akiwa amevaa nguo za kanisani. Mpira haukumshughulisha. Gemu yake ilikuwa ya Wagiriki wa kale, na ndani yake shujaa mmoja mwenye nywele za kupendeza alizunguka visiwani akipigana na kila aliyekutana naye. Kabla ya mji wa tatu kulikuwa na daraja, na darajani alisimama mamluki. Hakuwa mtu mkubwa katika hadithi ile. Alikuwa na mkuki, ngao ya shaba iliyobonyea upande mmoja, na maneno mawili tu aliyopewa kusema: "Nani anapita?" Jina hakupewa. Ukishamuua unachukua viatu vyake, ambavyo havina faida yoyote, unavuka. Shujaa akilala na kuamka, mamluki amesharudi palepale, na viatu vingine miguuni.

Yeremia alikuwa amemuua mara mia moja na kumi na tisa. Alhamisi ile alipofika darajani kwa mara ya mia na ishirini, mamluki hakuuliza kitu. Alitazama mbele, akatembea mpaka kwenye kioo, akapitisha mguu wa kulia, kisha ngao na mkuki, kisha mwili uliobaki. Akashukia mezani, na kutoka mezani akashukia sakafuni. Alikuwa na kimo cha mtu wa kawaida. Mchanga ulidondoka kutoka kwenye viatu vyake.

"Nimetoka kudeki sasa hivi," alisema Minaz.

"Samahani, dada." Mamluki alivua viatu, akavishika mkononi.

Alikuwa amekaa miaka minne ndani ya kibanda kile na hakuwa amesikia lugha nyingine, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Mabatini kabisa, na matusi ya wacheza mpira aliyajua yote. Yeremia aliendelea kubonyeza pedi. Shujaa alivuka daraja tupu, akafika upande wa pili, na gemu ikagoma. Ilitaka mamluki afe kwanza.

"Rudi kidogo nikuue," alisema Yeremia. "Nimebakiza dakika arobaini."

"Sirudi."

"Mara moja tu, kaka."

"Hata Alhamisi iliyopita ilikuwa mara moja tu." Mamluki alikaa kwenye benchi na kuegemeza ngao ukutani. "Lile daraja ni la bwana mmoja. Sijawahi kumwona. Waliotengeneza gemu hawakujisumbua hata kumchora. Mimi nakufa kwa ajili ya mtu ambaye hana hata sura. Basi. Nimekataa."

Yeremia aliona aibu, na ile aibu ikamkera, kwa sababu mtu anapolipia saa nzima ya gemu hategemei kuona aibu. Minaz alizima gemu, akaweka ya mpira, na juu ya kile kifuko cha gemu ya Wagiriki akabandika karatasi: DARAJA LIMEFUNGWA. Kisha alimuuliza mamluki kama ameshakunywa chai.

Kazi aliyoijua mamluki ilikuwa moja tu, kusimama mahali. Bahati nzuri, kampuni iliyokuwa ikijenga hoteli ufukoni Igogo ilikuwa inatafuta walinzi. Ilitaka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa na wadhamini wawili, kwa kuwa mwezi uliopita walinzi wasio na barua walitoroka na nondo. Yeremia aliishi Igogo na mama yake, na kulikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Alasiri ileile wakaenda watatu, yeye, Minaz na mamluki, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, Josephat, ambaye ofisi yake ilikuwa meza moja kwenye baraza la nyumba yake.

"Jina," alisema Josephat.

Wakatazamana. "Andika Ngosha," alisema Yeremia. Kwa Wasukuma kila mwanamume ni ngosha, na kwa mtu asiye na jina kabisa, hilo halikuwa uongo. Josephat aliandika Ngosha. Kwenye jina la baba akaandika Ngosha tena.

"Umri?"

"Miaka elfu mbili na mia nne na ushee."

Josephat alimwangalia usoni. "Hapa pana nafasi ya tarakimu mbili," alisema, akaandika thelathini. Kwenye kazi, alipoambiwa mamluki, aliandika mlinzi.

Ilipofika sehemu ya wadhamini, fomu iliuliza mdhamini anamfahamu mwombaji kwa muda gani. Yeremia aliandika miaka minne. Ikauliza wanahusiana vipi. Yeremia aliandika: Nimemuua mara mia moja na kumi na tisa. Josephat alisoma mara mbili, akakata kwa mstari ulionyooka na kuandika juu yake: Wanafahamiana.

Kabla ya kupiga muhuri, alimsomea mkazi mpya masharti ya mtaa, kama alivyowasomea wote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni kuzibua mitaro. Mgeni akilala kwako, toa taarifa. La tatu lilikuwa mwano, na hapo Josephat aliweka karatasi chini kwa sababu hilo alilijua kwa moyo.

"Ukisikia mtu amepiga mwano, yaani yowe la hatari, unaacha ulichoshika unakimbia kule linakotoka. Huulizi ni nani. Hata kama ni hasimu yako, unatoka. Asiyetoka hasalimiwi, haazimwi hata chumvi, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe."

"Anayelipa ni nani?" aliuliza mamluki.

"Halipi mtu."

"Mnakimbia bure?"

"Tunakimbia kwa sababu kesho nitapiga mimi."

 Darajani mamluki alizoea baragumu. Likilia alikimbilia upande wa aliyelipa, na alidhani dunia yote inakimbia hivyo. Kisha akaweka dole gumba kwenye wino na kuligandamiza chini ya sharti la tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka karatasi ya chini nayo ikapata alama.

Jumatatu akaanza kazi. Msimamizi wa walinzi aliitwa Chenge, mtu wa Misungwi, mpole wa sauti, mwenye filimbi iliyoning'inia shingoni. Alifurahi kupata mlinzi aliyekuja na vifaa vyake. Alimpa shati la bluu la kampuni, Ngosha akalivaa juu ya deraya. Sheria ya kazi ilikuwa nyepesi: filimbi ikilia, walinzi wote wanakimbilia ilipo na kumwondoa aliyepo.

Waliokuwepo walikuwa akina mama wa dagaa. Miaka mingi walianika dagaa kwenye mawe, mchanga na chanja za miti za ufuko ule, na sasa uzio wa mabati ulikuwa unakuja kutoka pande mbili, ukiwasogeza. Wiki ya kwanza filimbi ililia mara nane. Ngosha alikimbia mara zote nane. Alibomoa chanja za mama mmoja aitwaye Tereza na kuzibeba mpaka kwenye lori, na alifanya hivyo bila chuki, kama alivyozoea kuuawa bila chuki. Mwisho wa wiki akina mama wote walikuwa wameondoka, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Getruda, Mama Yeremia.

Jiwe la Mama Yeremia lilikuwa pana, jeusi na tambarare, limeingia ziwani kama sinia kubwa. Lilitosha ndoo kumi na moja za dagaa. Lilipata jua kuanzia linapochomoza na halikupata kivuli mpaka saa tisa, kwa hiyo dagaa wake walikauka kwa siku moja wakati wa wengine, huko mchangani, walitaka mbili. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya dagaa anayeuzika na dagaa anayenuka. Alikuwa amelianikia miaka ishirini na sita. Kwa jiwe lile alimsomesha Yeremia ufundi, akamzika mume wake kwa heshima, akaezeka nyumba. Hakuwa na kingine duniani, na alilisema wazi kwa kila aliyekuja na karatasi: jiwe hili nikiondolewa, nitakula nini? Wenye karatasi walisema hilo swali haliko kwenye karatasi.

Ngosha alipangiwa lindo hatua kumi kutoka kwenye jiwe.

"Shikamoo, mama," alimsalimia asubuhi ya kwanza. Kwa miaka alikuwa amemzidi mno, lakini watu husalimiana kwa nyuso.

"Marahaba, baba. Ulilala salama kule uani?"

Darajani hakuna aliyewahi kumuuliza amelalaje. Akasema ndiyo. Saa sita Getruda alimletea ugali na dagaa wa kukaanga kwenye bakuli lenye mfuniko.

"Kwani hapa unalinda nini?" aliuliza.

"Nalinda jiwe, mama."

"Dhidi ya nani?"

Ngosha alifikiri. "Dhidi yako."

"Haya. Kula kwanza, ugali unapoa."

Alikula. Dagaa walikuwa na chumvi ya kutosha na aibu ilimshika, aibu ambayo hakuwahi kuijua katika vifo vyake vyote. Alirudisha bakuli likiwa limeoshwa kwa maji ya ziwa.

Filimbi ya jiwe ililia Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi. Chenge alikuwa na walinzi sita, virungu mkononi, na nyuma yao wapasua mawe walikuwa na matairi ya zamani na kuni. Mpango wa hoteli ulitaka gati mahali pale. Jiwe lingechomwa moto, limwagiwe maji, lipigwe nyundo, kidogo kidogo mpaka liishe.

Ngosha aliinua mkuki na kuanza kukimbia kuelekea kwenye filimbi. Alikuwa amepiga hatua nne Getruda alipotupa ndoo chini, akaweka mikono kichwani na kupiga mwano.

Sauti ile ilipita juu ya mabati ikaingia Igogo yote. Cherehani zilinyamaza. Kinyozi mmoja alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Ngosha alisimama. Filimbi ililia tena, na miguu yake, iliyozoea, ikataka kwenda. Lakini alama ya dole gumba lake ilikuwa kwenye karatasi ya mtaa. Aligeuka, akakimbilia yowe, akapanda juu ya jiwe na kusimama mbele ya Mama Yeremia, ngao ikiwatazama walinzi.

"Nani anapita?" alisema. Yalikuwa maneno aliyoyazoea, na ndiyo pekee yaliyomjia.

"Ngosha, uko upande wetu," alisema Chenge.

"Nimesikia mwano."

"Kampuni ndiyo iliyokuajiri!"

"Kampuni ndiyo iliyotaka nilete barua," alisema Ngosha. "Nikaifuata, nikasomewa masharti."

Wanaume wa Igogo walifika na fimbo, mapanga, nyundo, mmoja na brashi ya kupaka rangi. Walikuwa zaidi ya mia. Yeremia alikuja mbio kutoka kwenye mitumbwi na spana namba kumi na saba, akamwona mama yake, akamwona aliyesimama mbele yake. Kisha akafika Josephat, akihema. Chenge alimpa karatasi. Ilikuwa na mihuri minne, na wa tatu ulikuwa wa Josephat mwenyewe. Aliusoma kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Jamani," alisema, "mwano ni kwa mwizi na moto. Huu ni uwekezaji."

"Kwa hiyo mwizi akiwa na muhuri humtokei?" aliuliza Getruda.

Josephat alikunja karatasi ikawa ndogo, halafu ndogo zaidi.  Aliwageukia wanaume na kusema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba yowe hili halihesabiki, na asiyebaki hatanyimwa salamu wala chumvi. Wakatazamana. Ingekuwa mwizi wa kuku wangemkimbiza mpaka Misungwi. Walisimama dakika chache zaidi kwa ajili ya heshima, halafu wakaanza kuondoka kwa wawili wawili, fimbo zikiwa zimefichwa nyuma ya mapaja. Ni jambo la kuudhi sana kuliona, na wao wenyewe walijua. Kinyozi alirudi kumalizia kichwa.

Walinzi wawili walimkalia Yeremia. Wanne waliobaki walipanda juu ya jiwe. Ngosha alipigana vibaya, kama alivyotengenezwa. Aliinua ngao akiwa amechelewa, akaacha ubavu wa kushoto wazi, akapigwa hapo. Aliyemmaliza alikuwa Revocatus, mlinzi mwenye adabu kuliko wote. Ilichukua dakika nne. Mwili ulilala kidogo juu ya jiwe, kisha ukafifia kuanzia magotini kwenda juu, vikabaki viatu. Revocatus alivichukua. Dagaa wakamwagwa ziwani, matairi yakawashwa, na kufikia jioni jiwe lilikuwa la ndoo kumi.

Kesho yake kulipopambazuka Ngosha alikuwa amesimama juu ya jiwe, mahali alipokuwa amesimama, na viatu vingine miguuni. Aliyekufa kazini hurudi lindoni kwake, ndivyo alivyotengenezwa. Tofauti ni kwamba sasa lindo alilichagua mwenyewe. Getruda alimkuta pale akiwa na ndoo zake. Kwa kuwa mabati yalishaziba njia, alikuwa amepitia majini, maji yakimfika kiunoni.

"Umelalaje?" aliuliza.

"Sijui, mama. Nilikuwa nimekufa."

"Pole," alisema, na akaanza kutandaza dagaa.

Walimuua siku hiyo, na iliyofuata. Jumatano, kabla ya walinzi kufika, Getruda alimchukua wakaenda kituoni kuripoti mauaji. Askari wa zamu aliuliza aliyeuawa ni nani. Getruda akamwonyesha. Askari aliweka kalamu chini na kueleza, kwa ustaarabu, kwamba jalada la mauaji haliwezi kufunguliwa marehemu akiwa ameketi kwenye benchi. Aliwashauri warudi atakapokuwa amekufa. Wakasema akifa haonekani. Askari akakubali kwamba hapo pana ugumu.

Kampuni ilizoea. Kwenye ratiba ya kazi, chini ya "kukusanya vifaa" na juu ya "kuwasha moto," paliandikwa "kumwondoa Ngosha, dakika tano." Walinzi waligawana zamu, na viatu viligawanywa kwa zamu hizohizo, mpaka ikawa ukipita Igogo unaona watu wazima wamevaa viatu vya kamba vya Kigiriki, wengine kwenda navyo misibani. Revocatus, ikiwa ni zamu yake, alikuwa kwanza anavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Siku tatu Getruda aliitikia, kwa sababu ulimi ulishazoea, na siku tatu alijichukia kutwa nzima. Siku ya nne alinyamaza. Kijana wa watu alisimama na kirungu chake akingoja marahaba, na marahaba haikuja. Aliamkia tena, kwa sauti ya juu, akidhani hakusikika. Getruda aligeuza dagaa. Ilibidi Revocatus aanze kazi hivyohivyo, na siku hiyo alikosa shabaha mara kwa mara, ikachukua dakika kumi na moja.

Yeremia hakuhesabu dakika hizo kwa kufurahi. Aliona kwamba Ngosha akichelewa kufa, na moto unachelewa kuwashwa. Alfajiri iliyofuata alipita majini na mama yake, akapanda juu ya jiwe.

"Unafungua kushoto," alimwambia Ngosha.

"Najua. Ndiko unakoniulia."

"Mara zote mia na kumi na tisa. Ukisikia mguu wangu, unatazama mguu. Usitazame mguu. Tazama bega." Alichukua kasia, akamrukia kama shujaa wa gemu alivyokuwa akiruka. Ngosha alichelewa. Wakarudia. Hakuna mtu duniani aliyejua namna ya kumuua mamluki yule vizuri kuliko Yeremia, na sasa ujuzi wote ule, wa miaka minne ya Alhamisi, ukapata kazi ya maana. Walifanya mazoezi kila alfajiri mpaka geti la mabati lilipofunguliwa. Minaz, aliyekuja siku moja na chupa ya chai, alikaa ukingoni akawatazama na kusema ngao ile ingenyooshwa pale palipobonyea. Aliondoka nayo, akairudisha kesho yake imenyooka.

Ngosha akaanza kufa kwa kuchelewa. Saa mbili kamili. Saa mbili na dakika ishirini. Wapasua mawe walikaa juu ya matairi yao wakisubiri. Walikuwa wameshasema mapema kwamba jiwe la aina ile, moto usipowashwa kabla ya saa nne, siku hiyo haina faida, halipati joto la kutosha kupasuka. Kwa hiyo kila mtu pale ufukoni alijua saa nne ni nini.

Siku moja ya wiki ya tano Chenge alikuja peke yake kabla ya wengine. Alikaa kwenye ncha ya jiwe, viatu vyake karibu na maji.

"Ngosha, nakuomba," alisema. "Nina mke na watoto Misungwi. Hoteli si yangu. Hata mwenyewe sijawahi kumwona. Mimi nimeajiriwa tu."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo darajani."

"Halafu ukafanyaje?"

"Nikatoka."

Chenge alitazama ziwa kwa muda, mpaka mtumbwi mmoja ukapita kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Alionekana mtu anayepima upana wa mlango. Kisha akainuka, akajikung'uta suruali, akaenda, filimbi ikiwa tayari mdomoni.

Siku hiyo walipigana muda mrefu kuliko siku zote. Ngosha alitazama mabega. Ubavu wa kushoto haukupatikana. Revocatus alichoka akakaa, wawili wakaanguka majini, na jua likapanda huku dagaa wakianza kuwa weupe mgongoni. Ngosha alikufa saa nne na dakika sita. Wapasua mawe walitazama simu zao, wakabeba matairi, wakaenda zao. Jiwe halikuguswa. Getruda alipiga vigelegele peke yake, ufuko mzima, mpaka sauti ikakauka, na nyuma ya mabati mtu fulani, mwanamke, akaitikia mara moja tu. Ilidhaniwa ni Tereza.

Kampuni haikukasirika. Iliongeza walinzi, kutoka sita wakawa kumi na wawili, na ratiba ikarekebishwa kuwa "kumwondoa Ngosha, dakika ishirini." Kesho yake alikufa saa moja na dakika hamsini. Moto uliwashwa mapema na kipande kikubwa cha upande wa kusini kikaachia. Barua ya Getruda ya malalamiko ilipokelewa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Josephat alianza kupita njia ya nyuma ili asikutane naye. Mvua za vuli zilikaribia.

Leo jiwe ni la ndoo nne. Uzio umekamilika pande zote mbili na kwenye kibao chake kuna picha ya hoteli yenye mabwawa ya kuogelea na watu waliolala, na mahali lilipo jiwe, pichani pana maji tu. Getruda bado anapita majini kabla ya jua, ndoo kichwani, mwanawe nyuma yake na ndoo nyingine mbili na kasia.

Wamemkuta Ngosha amesimama. Yeremia amemweleza kwamba mlinzi wa mwisho upande wa kulia ni mpya, anaonekana hajawahi kumpiga mtu, hivyo aanze na huyo. Ngosha ameitikia kwa kichwa. Getruda amelitazama jiwe, akalipima kwa hatua zake, na safari hii machozi yakamtoka bila yeye kuyaruhusu.

"Wiki mbili tatu hivi litabaki la ndoo moja," amesema. "Ukisimama wewe, dagaa watakaa wapi?"

"Wewe utaanika, mama," amesema Ngosha. "Mimi nitasimama majini."

Geti la mabati limefunguka. Wamehesabu walinzi kumi na wanne. Getruda amefuta uso kwa upindo wa kanga, akamwaga ndoo ya kwanza juu ya jiwe, na kwa mikono miwili akaanza kuwatandaza dagaa, mmoja mmoja asimlalie mwenzake, kuelekea jua.